Mgodi Unavyoibwa kwa Karatasi: Kuitazama Upya The Spoilers ya 1942

Wapenzi wa sinema za kikauboi wakiitaja The Spoilers, wanataja ngumi. John Wayne na Randolph Scott wanaanza kuzichapa chumba cha juu cha baa, wanateremka wakivunja kila kilichosimama, na wanamalizana barabarani kwenye tope. Ni pambano zuri, halina ubishi. Lakini mtu anayejua mambo ya uchimbaji, hasa aliyewahi kuona mgogoro wa kitalu, yaani kipande cha ardhi cha kuchimbia, ukifika mahakamani, atagundua kwamba utamu wenyewe uko nusu ya kwanza ya filamu, kabla ngumi hazijarushwa. Hapo ndipo mgodi unapoibwa, na unaibwa na watu wenye suti safi waliobeba hati.

Filamu ilitoka Universal mwaka 1942. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, haifiki saa moja na nusu, na mwongozaji wake ni Ray Enright. Hadithi iko Nome, Alaska, mwaka 1900. Ukitarajia jangwa na ng'ombe utashangaa: hapa ni bahari, meli, tope na mbao. Roy Glennister (Wayne) na mzee Dextry (Harry Carey) wana mgodi wa placer unaoitwa Midas, yaani dhahabu yake imo kwenye changarawe na wala haichongwi kwenye mwamba. Anafika McNamara (Scott), anayejiita kamishna wa dhahabu, na kuna jaji anayeitwa Stillman. Katikati yuko Cherry Malotte, mwenye baa, anayechezwa na Marlene Dietrich. Kwenye orodha ya majina Dietrich ni wa kwanza, Scott wa pili, Wayne wa tatu; wakati huo mambo yalikuwa hivyo.

Kumpa Scott nafasi ya mwovu ulikuwa uamuzi bora kuliko yote katika filamu hii. Watazamaji walimzoea akiwa mtu mwema, kwa hiyo anapotabasamu na kusema sheria ifuate mkondo wake, unataka kumwamini. Glennister naye anamwamini. Dextry anataka kushika bunduki siku ileile. Mwenzake anamzuia, anasema tungoje mahakama. Ugomvi wa washirika hawa wawili ndio moyo wa hadithi, na kwa kushangaza mzee mwenye hasira ndiye aliyeusoma mchezo vizuri zaidi. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kujua kitalu cha Alaska kilimilikiwaje na dhahabu yake ilitokaje.

Sheria ya madini ya Marekani ya mwaka 1872 ilimruhusu mtu mmoja kuchukua kitalu cha placer kisichozidi eka 20. Kwenye kijito, mara nyingi hiyo ilikuwa futi 1,320 kufuata maji na futi 660 kwa upana; zidisha na ugawe, utapata eka 20 kamili. Ulitakiwa kwanza uwe umegundua madini, si kubahatisha. Kisha unapiga vigingi ili mipaka ionekane, unabandika tangazo, unaandikisha kwa karani wa wilaya ya uchimbaji, na kila mwaka unafanya kazi yenye thamani isiyopungua dola 100 ili haki isipotee. Kitalu cha mgunduzi kiliitwa Discovery, vingine vikahesabiwa kwa namba juu na chini yake. Kasoro iliyokuwamo ilikuwa kubwa: sheria iliruhusu kuchukua vitalu kwa niaba ya wengine kwa hati ya uwakilishi, kwa hiyo wachache waliofika mwanzo walipiga vigingi kwa majina ya ndugu na marafiki waliokuwa maelfu ya maili mbali. Waliochelewa walikuta bonde zima limeshachukuliwa na watu ambao hawajawahi kuliona. Hasira hiyo ilikuwa kuni kavu iliyongoja kiberiti.

Nome ya kweli ilianza Septemba 1898, pale Jafet Lindeberg, Mnorwei, na Erik Lindblom na John Brynteson, Wasweden kwa asili, walipopata dhahabu Anvil Creek. Waliofika baadaye wakashika hoja moja: hawa ni wageni, hawana haki ya kitalu. Wakaenda wakapiga vigingi vyao juu ya vigingi vya wenzao. Hoja yenyewe ilikuwa dhaifu. Mtu aliyekwisha kutangaza nia ya kuwa raia aliruhusiwa, na mahakama zilikuwa zimeshaamua kwamba hata kitalu cha mgeni kinaweza kupingwa na serikali peke yake, si na jirani mwenye tamaa. Ila hoja dhaifu inatosha kufungulia kesi, na kesi ndiyo iliyotakiwa. Kushinda halikuwa lengo.

Sasa tuingie kwenye changarawe, maana filamu inapita hapa haraka mno.

Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji. Mchanga wa kawaida ni kama mara 2.65. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kazi yote. Anvil Creek dhahabu ilikaa chini, karibu na mwamba, na ndani ya nyufa za mwamba wenyewe. Unaondoa udongo wa juu, unafikia changarawe yenye mali, unaitupa kwenye mwalo: masanduku ya mbao yasiyo na kifuniko, kila moja urefu wa futi 12 hivi (mita 3.6) na upana wa sentimita 30 au zaidi kidogo, yamechomekana moja ndani ya jingine. Sakafuni kuna vizuizi vya mbao vilivyokingama. Maji yanabeba mawe na mchanga, dhahabu inadondoka nyuma ya vizuizi.

Mwinamo wa kawaida ni inchi 6 hadi 12 kwa kila sanduku. Ukilaza mno, mchanga mweusi mzito unajaza nafasi nyuma ya vizuizi na kuwa mgumu kama sakafu. Dhahabu inayofuata inateleza juu yake na kwenda zake. Ukiinamisha mno, maji yanakimbia na dhahabu laini inaondoka nayo. Udongo wa mfinyanzi ni mwizi mwingine: donge likibingirika ndani ya mwalo linaokota punje njiani na kutoka nazo upande wa pili, ndiyo maana mtu husimama sandukuni na uma akiyavunja madonge na kutoa mawe makubwa. Kwa dhahabu laini waliweka zebaki nyuma ya vizuizi vya juu ili iinase. Maji ya Nome ni ya baridi kali, na zebaki kwenye baridi hushika kwa uvivu, kwa hiyo kiasi fulani kilipotea hata kwa wachimbaji hodari. Anayeijua mialo ya Geita au Chunya, kule Tanzania, hahitaji maelezo zaidi. Tofauti ni kwamba huko mara nyingi mawe ya mbale, yaani yenye dhahabu ndani yake, hupondwa kwenye karasha kwanza, na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yanatunzwa kwa sababu bado yana mali. Nome mto wenyewe ulikuwa umeshamaliza kazi ya kuponda.

Kingine ni msimu. Maji ya kuosha yanapatikana kuanzia Juni, na Oktoba barafu inafunga kila kitu, kijito na bahari. Chini ya majani ardhi imeganda mwaka mzima. Inayeyushwa kwa kuiacha wazi juani, kwa moto wa kuni, au kwa kusukuma mvuke ndani kwa mabomba. Kwa hiyo una miezi minne, basi. Weka hayo mawili pamoja. Dhahabu ya juu ya mwamba, kwenye kijito kifupi chenye utajiri, inaweza kuchotwa kwa msimu mmoja au miwili. Na msimu ni mfupi. Mahakama ikiahirisha kesi siku 90, inayongojewa kusikilizwa ni kesi ya shimo tupu. Shamba lililoporwa ukilirudishiwa baada ya mwaka bado ni shamba. Kitalu cha placer kilichooshwa hadi kwenye mwamba ni mawe. Dextry alilijua hilo tumboni hata kama hakulisema kwa maneno haya.

Mtu aliyelijua vizuri zaidi alikuwa Alexander McKenzie, bwana mkubwa wa siasa za North Dakota, ambaye McNamara wa hadithi ametokana naye. Mpango wake unastahili kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu ni wa kitaalamu kuliko chochote kilichomo kwenye filamu.

Alianza kwa kuunda kampuni, Alaska Gold Mining Company, yenye mtaji wa dola milioni 15 uliokuwa karatasini tu, na kutumia hisa zake kununua madai ya wavamizi wa vitalu, wale waliopiga vigingi juu ya vigingi vya wenzao. Yaani alinunua kesi kwa noti alizojichapishia mwenyewe. Washington alikuwa na maseneta marafiki waliojaribu kuingiza kwenye sheria mpya ya Alaska kifungu cha kuwavua wageni vitalu vyao, tena kwa kurudi nyuma. Kifungu kikakwama. Ikabaki njia ya pili: kupata jaji. Wilaya mpya ya mahakama iliyojumuisha Nome ikapewa Arthur Noyes, wakili wa Minnesota na rafiki wa McKenzie. Wakasafiri pamoja, wakafika Julai 1900. Ofisi ya mawakili waliokuwa wanawatetea wavamizi ikaingizwa kwenye kampuni kwa hisa.

Tarehe 23 Julai, siku chache tu baada ya meli kutia nanga, Noyes akasaini amri kuhusu vitalu bora vya Anvil Creek bila wenye vitalu kusikilizwa. Amri hazikuwapa wavamizi ushindi. Zilimteua McKenzie kuwa msimamizi wa mahakama juu ya mali yenye mgogoro. Kwa masikio ya kawaida hilo ni jambo la busara: watu wawili wanagombana, mtu wa tatu ashike mali mpaka haki ijulikane. Ujanja ulikuwa kwenye mstari mmoja. Msimamizi hakuamriwa kuulinda mgodi, aliamriwa kuuchimba. Na wenye mgodi wakakatazwa kumwingilia. Amri nyingine ikafuata, ikimpa na vifaa vyao, mialo yao, mahema yao, mpaka chakula. Mikokoteni ilikuwa imeshaandaliwa. Usiku uleule watu wake wakawa kijitoni.

Dhamana aliyowekewa ilikuwa dola 5,000 kwa kitalu. Bei ya dhahabu ilikuwa dola 20.67 kwa wakia ya troi, kwa hiyo dhamana hiyo ni sawa na wakia 242 hivi, kilo saba na nusu za dhahabu. Kwa kijito kama kile ni kiasi kidogo cha kuchekesha. Na wenye mali walipotaka kukata rufaa, Noyes akasema amri ya aina hii haikatiwi rufaa.

Kwenye filamu cheo cha McNamara ni kamishna wa dhahabu. Cheo hicho kilikuwa cha upande wa Canada, kule Yukon, Alaska hakikuwapo. Waandishi wa filamu bila shaka walitaka neno ambalo mtazamaji analielewa kwa sekunde moja, na nawaelewa, lakini kwa kubadilisha hivyo wamepoteza kitu cha thamani. Kamishna ni ofisa anayetumia vibaya madaraka yake, tumeshawaona wengi. Msimamizi wa mahakama ni mwizi ambaye kazi yake rasmi ni kukulindia mali, na kila ndoo anayoichota ameichota kwa jina lako.

Tiba ya kweli haikuwa ngumi, ilikuwa meli. Nome haikuwa na waya wa simu wa kuiunganisha na Marekani bara, na mahakama ya rufaa ya karibu ilikuwa San Francisco. Mawakili wa makampuni yaliyoporwa, Pioneer ya akina Lindeberg na Wild Goose ya Charles Lane, wakachukua nakala za hati wakazisafirisha kusini. Mwishoni mwa Agosti Jaji William Morrow akaruhusu rufaa na kuamuru mali irudishwe. Hati zikarudi kwa meli katikati ya Septemba. McKenzie akakataa kutii, kwa hoja kwamba hati hizo hazina nguvu. Dhahabu ilikuwa benki, kwenye masanduku ya kuhifadhia, na askari wa jeshi waliokuwa mjini walilazimika kuhakikisha haiondolewi wala mji haulipuki.

Hapo hesabu ikawa ya kalenda. Lazima hati nyingine zitoke San Francisco na watu wa kuzitekeleza, na wafike kabla barafu haijaziba bahari, la sivyo mpaka Juni mwaka unaofuata. Walifika katikati ya Oktoba, wakamkamata McKenzie, na masanduku ya benki yakavunjwa kwa sababu alikataa kutoa funguo. Februari 1901 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kudharau mahakama. Akakaa kama miezi mitatu katika jela ya Oakland, kisha Rais McKinley akamsamehe kwa sababu ya afya. Noyes alitozwa faini ya dola 1,000 mwaka 1902 na kuondolewa kazini. Jaji James Wickersham ndiye aliyekwenda Nome kusafisha mafaili.

Mwongozaji jasiri angeweza kuitengeneza sinema ya kusisimua kutokana na meli hizo tu: hati mfukoni, barafu inakuja, mialo inamwaga usiku na mchana. Hollywood haikuitaka. Badala yake tuna wizi wa benki usiku, Glennister na Dextry wakirudisha dhahabu yao wenyewe huku wamejipaka masizi usoni. Mtazamaji Mwafrika wa leo hawezi kupita hapo kimya: kichekesho kinachofuata, Wayne akiwa na uso mweusi mbele ya mtumishi Mweusi wa Cherry, kimezeeka vibaya na hakikuwa na kazi yoyote kwenye hadithi. Mkuu wa polisi anauawa katika vurugu hiyo, Glennister anasingiziwa, na tangu hapo suala la mgodi linageuka suala la nani atampiga nani.

Treni inayotumika kuuvamia tena mgodi imewafanya wengi waseme sinema imetia chumvi. Hapo wanakosea. Kampuni ya Wild Goose ilijenga reli nyembamba kutoka Nome kuelekea Anvil Creek mwaka huohuo wa 1900, kwa sababu kubeba mizigo kwa farasi kwenye udongo ulioyeyuka juu na kuganda chini kulikuwa mateso ya gharama kubwa.

Kitu kingine ambacho filamu haikukigusa, na ni hasara, ni ufukwe. Mwaka 1899 dhahabu laini iligunduliwa kwenye mchanga wa bahari, na sehemu inayofikiwa na maji kujaa haikuweza kumilikiwa na mtu yeyote. Desturi ikawa kwamba pale unapochimba ni pako, kadiri sepetu yako inavyofika, na ukiondoka si pako tena. Maelfu walifanya kazi hivyo kwa masanduku ya kutikisa yaliyotandikwa mabamba ya shaba yenye zebaki, na pale palikuwa na amani kuliko kijitoni. Wizi wa karatasi ulihitaji karatasi kwanza.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki haya si mambo ya kigeni sana. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, ardhi ilikuwa ya wenyeji na sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba ikichukuliwa watapewa ardhi nyingine badala yake. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ilirekebisha sheria hiyo ili fidia ya fedha itoshe. Hakuna aliyehitaji bunduki. Na hata leo mwenye leseni ndogo ya uchimbaji anajua kwamba adui wa kuogopwa zaidi ya mvamizi mwenye sururu ni ramani yenye viwianishi, yaani namba za kuonyesha mipaka, vinavyoingiliana na vya kwake. Mvamizi unamwona, mwingiliano wa ramani unagundua siku umeshafika kwenye mbale.

Kuhusu matoleo: hadithi hii, iliyotokana na riwaya ya Rex Beach aliyekuwapo Nome wakati ule, ilitengenezwa filamu mara tano, 1914, 1923, 1930, 1942 na 1955. Ya 1914 haina sauti, lakini tope lake na ngumi zake zinaonekana za kweli kuliko zote, na waliopigana ni William Farnum na Tom Santschi. Ya 1930 ilikuwa na Gary Cooper. Ya 1955 ina rangi, ina Jeff Chandler na Rory Calhoun, na haina kitu kingine cha kukufanya uchelewe kulala. Anayeanza aanze na ya 1942, kwa ajili ya Scott na Dietrich. Atakapofika kwenye mandhari za wakili Wheaton amwangalie vizuri yule mzee: ni Farnum mwenyewe, aliyekuwa Glennister wa 1914, safari hii akiwa ndiye mwenye mafaili.